Mahindi, mpaka na mgongo wa mtoto

Wanaovusha mahindi Namanga na Busia wanaikumbuka Machi 5, 2021. Siku hiyo Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilimwandikia Kamishna wa Forodha barua ya kusimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda. Malori yakakwama, bei ikayumba, wanasiasa wa pande zote wakapata la kusema. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, shehena iwe na cheti kinachoonyesha kiwango cha aflatoksini, na kiwango hicho kisizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Makelele ya wakati ule yalikuwa ya biashara, na wenye malori walikuwa na haki ya kuyapiga. Lakini barua ile ilitaja sumukuvu mbili kwa majina. Ya kwanza ni aflatoksini, ambayo mpakani haihitaji kutambulishwa. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, katika maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyoota ukungu na 125 kati yao walifariki. Ini lilikuwa limeharibika. Tangu hapo kila afisa wa forodha na kila dalali anajua neno hilo.

Ya pili ni fumonisini. Hiyo ilitajwa ikapita. Masharti ya kuondoa zuio yakabaki yanazungumzia aflatoksini, na hadi leo ukimtajia mwenye ghala fumonisini, wengi watakujibu: "Si ni ile ile?"

Si ile ile. Aflatoksini inajulikana kwa kushambulia ini. Fumonisini, pamoja na madhara yake mengine, inatiliwa shaka kwa jambo linalotokea ndani ya tumbo la mama katika wiki nne za kwanza, wakati mtoto ana ukubwa wa punje ya mtama na mama mwenyewe huenda hajajua kuwa ni mjamzito. Jambo hilo ni ujenzi wa ubongo na ugwe wa mgongo, yaani ile kamba laini nyeupe inayopita ndani ya mifupa ya uti. Ili kuelewa kwa nini punje ya mahindi iingilie kati hapo, itabidi tuyaache malori kidogo tuangalie wanyama wanavyojengwa.

Mkeka unaokunjwa

Mwanzoni kiumbe ni tabaka tu za seli. Tabaka la juu ndilo linalotoa ngozi, na ndilo hilo hilo linalotoa ubongo. Kwa binadamu, kiasi cha wiki mbili na nusu baada ya mimba kutungwa, ukanda wa katikati ya tabaka hilo huanza kunenepa. Kingo zake mbili huinuka, kama mtu anapokunja mkeka kwa urefu wake. Kingo zinasogeleana, zinagusana, zinashikana. Kushikana huko huanzia sehemu ya shingo kisha kwenda pande mbili, juu kuelekea kichwani na chini kuelekea kiunoni, mithili ya zipu mbili zinazofungwa kutoka katikati. Unabaki mrija. Mwisho wa juu hufungwa karibu na siku ya 25, wa chini karibu na siku ya 28.

Mrija huo ndio mfumo wote wa neva kwa asili yake. Upande wa juu unavimba na kuwa ubongo, ambao kwa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Upande wa chini unakuwa ugwe wa mgongo. Kutoka humo mawasiliano hukimbia kwa umeme mdogo wa chumvichumvi, sodiamu ikiingia ndani ya seli na potasiamu ikitoka, na katika nyuzi zilizo nene zaidi mwendo huo hupita mita 100 kwa sekunde. Ukikanyaga msumari sokoni, mguu umeshanyanyuka kabla hujapiga kelele.

Sasa fikiria zipu isipofunga. Ikikwama upande wa kichwa, ubongo hauna nafasi ya kukua na mtoto haishi. Ikikwama upande wa chini, mtoto huzaliwa na kile tunachokiita mgongo wazi: ugwe na neva zake ziko nje au zimefunikwa na utando mwembamba. Miguu inaweza kukosa nguvu au hisia. Mkojo na haja kubwa hutoka bila yeye kujua. Mara nyingi maji ya ubongo hukosa njia na kichwa kinaanza kukua kupita kiasi, ndiyo maana huku kwetu maneno hayo mawili yamezoea kutajwa pamoja, vichwa vikubwa na mgongo wazi.

Wanaopita njia ya Malaba na Tororo kwenda Mbale, mashariki mwa Uganda, huenda wamepita karibu na hospitali ya watoto ya CURE bila kujua kwamba jina la mji huo linatajwa na madaktari wa ubongo duniani kote. Hapo ndipo daktari wa upasuaji kutoka Marekani, Benjamin Warf, aliendeleza njia ya kutibu kichwa maji kwa kamera ndogo inayoingizwa ndani ya ubongo, ikitoboa mlango mpya wa maji na kuchoma sehemu ya tishu inayoyatengeneza. Faida yake kwa familia ya kijijini ni kubwa: mtoto hategemei mpira wa kuwekewa maisha yote, ambao ukiziba usiku wa manane mkiwa mbali na hospitali ni hatari. Mbinu hiyo ilienda Marekani kutoka Mbale, na msomaji atajionea mwenyewe jinsi safari za namna hiyo zilivyo chache.

Lakini upasuaji ni wa baada ya tukio. Mrija ulishakwama zamani, ndani ya siku 28.

Kamba wa mgongo chini

Mtu atauliza, kwa nini tuchunguze panya na farasi wakati tunazungumzia mtoto wa binadamu? Jibu liko kwenye beseni la muuza samaki.

Chukua kamba, yule wa Mombasa au wa Rufiji, umsafishe. Ule uzi mweusi unaoutoa mgongoni ni utumbo wake. Kamba yake ya neva ni uzi mweupe unaopita upande wa tumbo. Kisha mpasue samaki, sato au changu. Kwake mambo yamegeuka: utumbo uko chini, kamba ya neva iko juu, ndani ya mfupa wa mgongo. Ng'ombe ni vivyo hivyo, kuku vivyo hivyo, nawe msomaji vivyo hivyo. Mwaka 1822 Mfaransa Étienne Geoffroy Saint-Hilaire aliangalia kambakochi aliyepasuliwa, akamgeuza chali, akasema sasa anafanana na sisi. Wenzake walimcheka kwa muda mrefu.

Miaka mia moja baadaye, huko Freiburg nchini Ujerumani, mwanafunzi aliyeitwa Hilde Mangold alikuwa akifanya kazi ya mikono isiyo ya kawaida. Alikata kipande kidogo mno kutoka kwenye kiinitete cha salamanda, mnyama wa jamii ya vyura mwenye mkia, akakipandikiza kwenye upande wa tumbo wa kiinitete kingine. Pale ambapo pangekuwa ngozi ya tumbo pakaota mrija wa pili wa neva, na karibu mwili wa pili mzima, ukijengwa kwa kiasi kikubwa na seli za mwenyeji. Kipande kile kilikuwa kimetoa amri na majirani wakatii. Matokeo yalichapishwa mwaka 1924. Mwaka huo huo Mangold aliungua kwa mlipuko wa jiko jikoni kwake akafariki, akiwa na miaka 25. Mwalimu wake, Hans Spemann, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1935.

Amri yenyewe haikujulikana hadi miaka ya 1990, na ilipojulikana iliwashangaza watu. Ilidhaniwa kwamba seli lazima ziambiwe "kuweni ubongo". Kumbe ni kinyume. Seli za tabaka la juu zikiachwa zenyewe huelekea kuwa neva. Kuna protini inayopita ikiziambia "kuweni ngozi", na kile kipande cha Mangold kinatoa protini nyingine inayozuia amri hiyo, ili ukanda wa katikati ubaki na mwelekeo wake wa asili. Mwaka 1995 watafiti walichukua kizuizi cha aina hiyo kutoka kwa inzi wakakiweka katika kiinitete cha chura, yule chura mwenye kucha wa kusini mwa Afrika anayefugwa maabara zote. Kikafanya kazi. Kwa inzi kizuizi hicho hujenga kamba ya neva upande wa tumbo, kwa chura upande wa mgongo. Geoffroy hakuwa wa kuchekwa.

Maana yake ni kwamba inzi, chura na mama muuza nyanya wa Busia wanatumia mpango mmoja waliourithi kwa babu mmoja aliyeishi majini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Kabla yake walikuwepo wanyama wenye mpango mwepesi zaidi. Yavuyavu wa baharini, ambaye wavuvi wanamjua kwa mwasho wake, ana wavu wa neva uliotandazwa mwilini bila ubongo. Sifongo hana neva hata moja, ingawa ana nyingi ya protini ambazo neva zetu hutumia kuunganishia. Mageuko ya viumbe hayatupi vyombo vya zamani, yanavihamishia kazi nyingine.

Mrija wa kukunjwa ni hatua ya karibu zaidi, ya wenye uti wa mgongo na jamaa zao wachache. Kuku anaufunga siku ya pili ya kuatamiwa. Samaki wengi, kwa sababu zao, huanza na ufito mzito ambao baadaye hutoboka katikati. Panya huukunja karibu kabisa kama sisi. Kwa hiyo panya mjamzito akipewa kitu na mirija ya watoto wake ikakwama, hilo si jambo la panya peke yao.

Brownsville, mji wa mpakani

Sasa turudi kwenye mahindi. Fumonisini ilitengwa na kupewa jina mwaka 1988 na watafiti wa Afrika Kusini, waliokuwa wakitafuta nini kwenye mahindi ya Transkei kinahusiana na saratani ya umio iliyokuwa nyingi huko. Inatengenezwa na kuvu anayeitwa Fusarium, ambaye huingia kwenye mahindi yakiwa bado shambani, hasa pale ambapo bungua na viwavi wameshatoboa gunzi. Hao hao watafiti wakatatua fumbo la zamani. Farasi na punda wanaolishwa mahindi yenye ukungu walijulikana kupatwa na wazimu wa ghafla: wanayumba, wanagonga kuta, wanasukuma kichwa kwenye nguzo, wanakufa ndani ya siku chache au hata saa. Ukipasua ubongo unakuta sehemu nyeupe, ile yenye nyuzi za neva, imelainika hadi kuwa uji. Waliposafisha fumonisini na kumpa farasi, ugonjwa ukatokea.

Vuli ya mwaka 1989 farasi wengi walikufa hivyo Texas, Marekani, kwa mahindi ya msimu huo. Na mwanzoni mwa mwaka 1991, katika mji wa Brownsville, wahudumu wa afya waligundua kitu cha kutisha: watoto watatu wasio na ubongo kamili walizaliwa ndani ya saa 36.

Brownsville ni mji wa mpakani. Ng'ambo ya mto Rio Grande kuna Matamoros, Mexico, na watu huvuka kila siku kwenda kazini, sokoni na kwa ndugu, kama Busia ya Kenya na Busia ya Uganda. Chakula cha kila siku pande zote mbili ni chapati za mahindi. Kwanza walilaumiwa wenye viwanda vya upande wa Mexico kwa moshi na kemikali. Baadaye wachunguzi waligeukia chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulilinganisha kina mama waliopata mimba zenye kasoro hiyo na wale ambao hawakupata. Waliokula chapati kiasi cha 300 hadi 400 katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito walikuwa katika hatari zaidi ya mara mbili ya wale waliokula chache kabisa.

Kwa panya mambo yalikuwa wazi zaidi. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba panya wajawazito waliochomwa fumonisini kwa wingi, katika siku zile ambazo mrija unafungwa, walikuwa na vijusi vingi vyenye vichwa visivyofunga. Waliopewa foleti pamoja na sumu walinusurika kwa sehemu.

Foleti ndiyo ufunguo wa hadithi. Ni vitamini iliyoko kwenye mchicha, sukuma wiki, kisamvu, maharage, choroko na maini. Seli zinazokunjwa hugawanyika kwa kasi, na bila foleti haziwezi kunakili urithi wao. Mwaka 1991 majaribio makubwa yaliyofanyika katika nchi saba yalionyesha kwamba wanawake waliowahi kupata mtoto wa aina hiyo, wakinywa asidi ya foliki kabla ya mimba inayofuata, hatari ya kurudia ilipungua kwa asilimia 72. Ni moja ya matokeo safi kabisa katika historia ya tiba.

Lakini foleti haipenyi tu ndani ya seli. Kuna protini za kuipokea ukutani, na hizo hukaa vizuri pale tu ambapo ukuta una mafuta ya aina fulani. Fumonisini huzuia utengenezaji wa mafuta hayo. Mfanyabiashara ataelewa haraka: lori limefika, karatasi zote zipo, ushuru umelipwa, lakini geti limeng'oka bawaba na halifunguki. Mama anaweza kula mchicha wake na bado mtoto akakosa.

Wanasayansi hawajatoa hukumu ya mwisho kwa binadamu. Mgongo wazi una sababu nyingi, zikiwemo upungufu wa foleti wenyewe, urithi, kisukari cha mama na baadhi ya dawa za kifafa. Tukiwa tunangoja hukumu, ni vizuri tujue pia kwamba si mkosi wala si adhabu, na kwamba mama aliyefichwa ndani na mtoto wake kwa aibu hana kosa alilofanya.

Hesabu ya ugali

Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinaruhusu fumonisini isiyozidi sehemu 2 kwa milioni, yaani miligramu 2 kwa kilo. Kwenye gunia la kilo 90 hiyo ni miligramu 180, haifiki hata nusu ya kidonge kimoja cha miligramu 500. Mtu anaweza kuona kuwa ni ukali wa kupita kiasi.

Basi tupige hesabu kwa upande wa sahani. Wataalamu wa chakula wa Umoja wa Mataifa wameweka kikomo cha mikrogramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mama wa kilo 60 kikomo chake ni mikrogramu 120. Akila ugali mchana na jioni, na pengine uji asubuhi, unga wake wote ukafika gramu 400, na mahindi yakawa na miligramu 2 kwa kilo, yaani halali kabisa mbele ya sheria, atakuwa amekula mikrogramu 800. Ni karibu mara saba ya kikomo. Ili abaki ndani ya mstari, mahindi yake yangepaswa kuwa na miligramu 0.3 tu. Kikomo cha gunia kinaweza kumfaa mtu anayekula mahindi kwa kuonja. Sisi mahindi ndiyo tumbo lenyewe.

Na si hesabu ya karatasini tu. Kata ya Tarakea, wilayani Rombo, ambapo mtu anaingia Kenya kwa kutembea, watafiti wa Tanzania walifuatilia watoto wachanga 215 waliokuwa wakilikizwa kwa vyakula vya mahindi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Waliokula fumonisini kupita kikomo walikuwa, walipotimiza mwaka mmoja, wafupi kwa wastani wa sentimita 1.3 kuliko wenzao. Hao si watoto wa mgongo wazi, ni watoto wa kawaida wa mpakani.

Serikali zimefanya jambo moja la maana. Tanzania ilitunga kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga mwaka 2011 na Kenya ikaweka ulazima mwaka 2012, na asidi ya foliki ni mojawapo ya vinavyoongezwa. Tatizo ni kwamba unga huo ni wa pakiti, wa viwanda. Mashine ya mtaani inayosaga debe kwa debe haina kirutubishi cha kuongeza, na hapo ndipo mahindi mengi ya magunia yanapoishia.

Kinachowezekana ghalani

Kuhusu kukausha, mfanyabiashara ameshahubiriwa vya kutosha: unyevu usizidi asilimia 13.5, turubai chini, magunia yasiguse ukuta. Yote ni kweli na yanazuia aflatoksini kuzaliana ghalani. Lakini fumonisini kwa sehemu kubwa ilishaingia shambani. Ukikausha unasimamisha kuvu, huondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa. Wala sufuria haisaidii sana, maana inastahimili joto la ugali.

Kinachosaidia ni jicho na mkono. Sumu imejikusanya kwenye punje chache: zilizovunjika, zilizotobolewa, zenye rangi ya waridi au weupe wa unga, zile nyepesi zinazoelea ukizimwagia maji. Huko huko Afrika Kusini ilionyeshwa kwamba kaya zilizochambua mahindi kwa mkono na kuyaosha zilipunguza fumonisini kwa zaidi ya asilimia 80, na punje zilizotupwa zilikuwa sehemu ndogo tu ya mzigo. Tahadhari, punje inaweza kuonekana safi na bado ikawa nayo. Kuchambua kunapunguza, hakutoi cheti.

Kukoboa nako kunapunguza, kwa sababu sumu nyingi iko kwenye ganda na kiini. Hapa mtu wa lishe atainua mkono aseme tumehangaika miaka yote kuwaambia watu wale dona. Ana haki. Dona ya mahindi yaliyochambuliwa ni chakula bora, dona ya mahindi machafu ni kula na ganda la sumu. Na ukikoboa, pumba hazipotei. Zinauzwa. Punda anayevuta mkokoteni wa maji akilishwa pumba hizo anapewa sehemu iliyo mbaya kuliko zote, na punda na farasi ndio wanyama dhaifu kupita wote mbele ya fumonisini. Mwongozo wa Marekani unashauri mahindi ya kulishia farasi yasizidi sehemu 5 kwa milioni, ya nguruwe ni 20, ilhali kwa kuku wa kuchinjwa wanafika 100.

Namba hizo zinafungua mlango wa biashara ambao hatujautumia. Mahindi yaliyokataliwa kwa fumonisini hayafai kwa mtoto wala kwa punda, lakini yanaweza kumfaa kuku wa nyama, ikiwa aflatoksini iko chini. Hakuna anayejua hadi apime zote mbili, na cheti kinachodaiwa kwenye masharti ya 2021 ni cha namba moja. Vipimo vya haraka vya fumonisini vipo, vya kijiti kama vya aflatoksini. Chama cha wafanyabiashara kinachonunua kipimo kimoja kwa ajili ya wanachama wake kinaweza kununua na cha pili, na kujua mzigo wake uuzwe wapi kabla haujapakiwa.

Kwa sasa shehena ikikataliwa inageuza njia. Mwenyewe ana mkopo, dereva anadai siku zake, na magunia hayawezi kulala juani. Atateremsha bei na kuuza kijiji cha kwanza chenye mashine ya kusaga. Hayo mahindi yanaliwa na mtu, isipokuwa mtu huyo hayuko Nairobi.

Na kabla ya lori, kuna ghala. Katika maghala mengi wanaopeta na kuchambua ni wanawake, wengi wao vijana, wameinama juu ya ungo tangu asubuhi. Mahindi mazuri yanaingia kwenye gunia. Yale machuya, yaliyovunjika, ya waridi, yanawekwa kando, na kuna mahali ambapo jioni wachambuaji huruhusiwa kuyabeba. Mwenye ghala aulize ya jana yalikwenda na nani.